Saa Tisa ya Mnorwe

Ukifika Dunda, kwetu Bagamoyo, ukauliza nyumba ya Bwanausi fundi mashine, watakukodolea macho. Uliza nyumba ya Mnorwe, hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole. Mnorwe ndiye mimi. Jina hilo nililivaa miaka arobaini kama kanzu ya Idi, na leo likitajwa natamani ardhi ipasuke niingie. Umeniomba nieleze, basi nitaeleza. Sharti langu ni moja: usinikatize. Na kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize.

Mwaka themanini na tano nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa ufundi wa injini za boti. Wakaja watu wa mradi mmoja wa uvuvi kutoka Norwe, wakachagua vijana watatu nchi nzima waende kusoma kwao miezi tisa. Mmoja wa Mwanza, mmoja wa Tanga, na mimi wa Bagamoyo. Kila mmoja alipewa sweta la sufu, zito, lenye nyota nyeupe kifuani, pamoja na kitabu cha jalada la buluu kilichoeleza nchi yao, ili tusifike kule tukazubaa kama kuku wageni.

Ee bwana we, Dunda haikulala kwa furaha. Dua ilisomwa nyumbani kwetu Jumatano baada ya alasiri, halua ikaliwa, ubani ukafukizwa mpaka macho yakatutoka machozi. Mama yangu alinishonea mfuko wa kitambaa akaujaza korosho za kuwapelekea wenyeji wangu, kwa sababu alisema mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Dija, ambaye wakati huo alikuwa mchumba wangu, alisimama uani akinichungulia kwenye upenyo wa mlango. Nilimwona. Nikajitia kutomwona, maana nilikuwa msafiri mkubwa.

Wazee wakataka kujua ndege itaruka saa ngapi. Nikaitoa tiketi mbele ya halaiki yote, nikaikunjua. Imeandikwa Alhamisi, 09:15. Nikasoma kwa sauti: "Saa tisa na robo!" Wote wakaitikia, "Inshallah, saa tisa na robo."

Umeshaona, sivyo? Mimi ilinichukua mpaka Alhamisi mchana kuona. Nyumbani kwetu saa ya ukutani baba aliitegesha Kiswahili. Ikiwa saa tatu asubuhi, mshale uko kwenye tatu, hakuna cha kugeuza kichwani. Nimekulia chini ya saa hiyo. Shuleni walinifundisha kwamba tisa ya Kizungu ni saa tatu yetu, na kwenye mtihani nilipata. Lakini furaha hupofusha. Niliona tisa nikasema tisa, na hakuna aliyethubutu kunisahihisha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msomi wa Ulaya.

Nilifika uwanja wa ndege saa saba na nusu mchana, sweta nimelivaa, jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu. Karani akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Bwana mdogo," akasema, "ndege hii imeondoka saa tatu asubuhi. Wenzako sasa hivi wako juu ya Sudani." Akamwita mwenzake aje kuona. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, hata wewe ungecheka. Walikuwa watu wawili tu, lakini mimi masikioni nilisikia Dunda nzima.

Sasa sikiliza, kosa langu liko hapa, halipo kwenye tiketi. Kuachwa na ndege ni mkosi, humpata mtu yeyote. Ningekwenda kwenye ofisi ya mradi pale pale Dar nikaeleza, pengine wangenipandisha ya wiki inayofuata. Miguu ilikataa. Ningewaambia nini? Kwamba mtu anayekwenda kusomea mitambo hajui kusoma saa? Na Dunda nirudi vipi, halua ya dua yangu haijakauka midomoni mwa watu? Niliona haya. Haya ikanishika mkono ikanipandisha basi la Tanga lipitalo Chalinze, ikaniteremsha Msata, ikanifikisha Miono kwa mjomba wangu Mohamedi. Nikamwambia, "Mjomba, nifiche."

Mjomba alikuwa mkulima wa nanasi na ufuta, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa jembe, akanionyesha pori lililokuwa halijafyekwa. "Norwe yako ile pale," akasema.

Nikalima miezi tisa. Korosho za wenyeji wangu tulizila mimi na mjomba kwa kahawa. Mchana jua likipamba moto, wenzangu wa shambani wakilala, mimi nilikaa na kile kitabu cha buluu na kamusi ya kuazima, nikakisoma mpaka nikakihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu. Nilijua kwamba nchi yao ni ndefu na nyembamba, kwamba bahari imeingia bara kwa mahori marefu, mengine siku nzima ya boti hujayamaliza, na milima imesimama wima pande zote mbili huku maji yakiporomoka kutoka juu. Maporomoko hayo ndiyo yanayowapa umeme. Nilijua kwamba Mdenmaki aliwatawala kwa karne nne, kisha wakawekwa chini ya mfalme wa Swideni, mpaka mwaka elfu moja mia tisa na tano wakajitenga bila damu kumwagika. Mjerumani naye aliwakalia miaka mitano wakati wa vita. Hapo niliwaonea huruma kama ndugu, maana Mjerumani sisi tunamjua, boma lake lingali mjini kwetu. Nilijua zamani walikuwa watu wa dhiki, wengi wakikimbilia Amerika, mpaka mafuta yalipopatikana chini ya bahari. Nilijua wana ng'onda wao, samaki mkubwa anayeanikwa kwenye chanja za miti miezi kadhaa bila punje ya chumvi, kwa baridi na upepo tu. Na nilijua kwamba kaskazini kabisa, mji unaoitwa Tromso, ambako ndiko ningesoma, majira ya joto jua halizami, na majira ya baridi halichomozi.

Miezi tisa ilipotimia nikalivaa sweta nikarudi Bagamoyo.

Mama alinikumbatia akalia. Kisha akanisogeza nyuma akanikagua. "Mbona umezidi kuwa mweusi, mwanangu? Ulaya si baridi?" Nikamwambia kule jua linawaka usiku na mchana, mama, halina kuzama. Akanishika viganja, vimejaa sugu za jembe. Nikamwambia tulikuwa tukivuta kamba za nyavu zilizoganda barafu. Zawadi je? Cheti je? Sanduku limepotelea kwenye viwanja vya ndege. Kiingereza je? Kule wanasema Kinorwe. Na Kinorwe changu kilikuwa neno moja, *takk*, yaani ahsante, nililoliokota ukurasa wa mwisho wa kitabu. Sweta lilikuwa la kweli. Aliyelivaa ndiye aliyekuwa wa bandia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nakuambia njia yangu ilikuwa ya miaka arobaini, na kila siku niliitengeneza kwa mkono wangu. Nilimwoa Dija kwa jina hilo. Nilifungua karakana yangu kwa jina hilo, watu wakasema mpelekee Mnorwe, kasomea Ulaya. Injini niliwatengenezea, tena vizuri, lakini nilijifunza kwa kuharibu, polepole, mlango nimefunga, wasione jinsi ninavyobahatisha.

Lililonila zaidi ni lile la Maulidi. Maulidi ni seremala jirani yangu, rafiki yangu tangu utoto, na ulimi wake ni msasa. Jioni moja barazani, katikati ya hadithi zangu za jua lisilozama, akaniuliza: "Sasa Mnorwe, kama jua halizami, magharibi mlikuwa mkiswali saa ngapi? Na ukifunga, unafuturu lini?"

Kitabu cha buluu hakikuwa na ukurasa huo. Watu wote wakanigeukia. Nikasema pale Tromso palikuwa na sheikh mmoja Mturuki, mwenye ndevu nyekundu, akatuambia tufuate saa za Makka. Maulidi akakunja uso. "Kweli?" Nikajibu, "Wallahi, billahi, tallahi."

Mwenyezi Mungu nilimshuhudisha juu ya Mturuki ambaye hakuzaliwa. Usiku ule sikula. Lakini asubuhi yake nilimsikia mtu mwingine akimsimulia mwenzake habari za sheikh wangu, nami nikapita nikanyamaza.

Sasa njoo kwa Hafidha. Hafidha ni mtoto wa binti yangu Shamsia. Shamsia alipoolewa mara ya pili Tanga, mtoto alibaki kwetu akiwa wa miaka mitatu, tukamlea. Mtoto huyu hakulala bila hadithi za Norwe. Akinipandia mapajani, anasema, "Mume wangu, nipeleke kwenye mahori." Dija anamtania, "Wewe mke mwenza, mume huyu mzee, mchukue tu." Ndivyo tulivyoishi. Alipokua akasomea ufugaji wa samaki, na wala sikumshauri. Hadithi zangu ndizo zilizompeleka.

Januari mwaka huu akaja mbio karakanani, simu mkononi, ushungi umemteleza. Kuna nafasi ya mwaka mmoja wa mafunzo ya kufuga samaki baharini, huko huko Tromso. Walioomba ni mamia, yeye yumo kwenye watano wa mwisho, na nafasi ni moja. Wageni wawili wanakuja Bagamoyo kuwahoji.

"Na unajua kilichowavutia, mume wangu? Kwenye barua nimeandika kwamba babu yangu alisoma Tromso mwaka themanini na tano. Wamefurahi! Wanataka kukuona. Wanasema tu kuna jambo kidogo kuhusu jina lako kwenye kumbukumbu zao." Akacheka. "Wamekosea kuandika, bila shaka. Mzungu na jina Bwanausi, wapi na wapi!"

Nilikuwa nimeshika spana. Nikaendelea kukaza nati iliyokuwa imeshakazwa.

Nilikuwa na siku tano kabla ya mahojiano. Siku ya kwanza nikasema nitamwambia baada ya kula. Siku ya pili nikasema mbele ya Dija haifai. Siku ya tatu nilimwita kabisa, akaja akakaa, akaniuliza, "Nini, babu?" nami nikamwambia anipe maji. Mtoto alikuwa ameniamini tangu ana meno ya maziwa, na kila nikimtazama naona haya mpaka masikio yanawaka. Mficha uchi hazai, nilijisemea mwenyewe, sema! Nikanywa maji nikalala.

Siku yenyewe ya mahojiano nilifanya kile nilichokifanya nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikimbia. Niliswali alfajiri, nikachukua bodaboda mpaka stendi, nikapanda basi la Msata. Nilikuwa nakwenda Miono. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, nakwenda kujificha shambani kwa mjomba!

Nikashuka Msata nikaingia mgahawani kungoja gari la Miono. Mwenye mgahawa akaniletea chai, akaniuliza kwa heshima, "Shikamoo mzee. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Miono."

"Kwa nani?"

Swali la kawaida kabisa. Mjomba Mohamedi amekufa miaka ishirini na saba iliyopita, nilimzika mwenyewe. Siri yangu alikwenda nayo, Mungu amrehemu. Miono sina mtu wa kuniambia Norwe yako ile pale.

Simu ikalia. Hafidha. "Babu, uko wapi? Bibi anasema umetoka tangu alfajiri. Wageni wamefika. Mimi ni wa mwisho, saa sita, na wewe unatakiwa. Babu, usiniangushe."

Akakata. Nikaitazama simu, na juu kwenye kioo imeandikwa 9:20. Saa tatu na dakika ishirini. Tisa ile ile iliyonivua nguo mwaka themanini na tano, imerudi kuniuliza kama nimejifunza kusoma. Nikaacha chai, nikavuka barabara, nikapanda basi la kurudi Bagamoyo.

Walikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni mjini. Nilipofika mlangoni nilimsikia Hafidha ndani akizungumza Kiingereza kwa sauti ya mtu anayetetea haki. Aliponiona uso ukamchanua. "Huyu hapa! Babu, afadhali umekuja. Hebu waambie. Kwenye orodha yao ya mwaka ule jina lako lipo, lakini limepigwa mstari, na pembeni wameandika hukufika. Nimewaambia orodha imekosea. Nimewaambia babu yangu si mwongo, ataingia hapa sasa hivi awaeleze mwenyewe."

Mgeni mkubwa alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe, anaitwa Bi Ingunn. Alisimama kwa adabu, akanipa mkono, akaanza kuzungumza nami Kinorwe. Alisema maneno mengi, anatabasamu, kisha akanyamaza kungoja jibu. Kijana aliyekuwa naye akaacha kuandika. Hafidha alikuwa ananitazama kwa fahari, kama mzazi anavyomtazama mwanawe akisoma Kurani mbele ya watu.

"*Takk*," nikasema.

Bi Ingunn akangoja. Hakuna kilichofuata. Nilimwona Hafidha akikunja nyusi kidogo tu, kisha akazikunja zaidi.

"Hafidha mwanangu," nikasema, "nitafsirie. Orodha yao haikukosea. Sikufika."

Hakutafsiri. Alisema, "Babu?"

"Sikufika Norwe. Niliachwa na ndege, nikaona aibu, nikaenda kulima Miono. Yote niliyokuambia nilisoma kitabuni. Sheikh Mturuki hakuwepo. Niliapa uongo. Waambie wewe hukujua, uongo ni wangu, wasikuadhibu wewe. Watafsirie."

Kiingereza changu ni cha kamusi, lakini kinatosha kusikia. Aliwageukia, akasema kwa Kiingereza, polepole: "Hakufika. Anasema alidanganya." Hakusema babu yangu. Mimi niliyemwogesha na kumsuka nywele wakati bibi yake alipokuwa mgonjwa, nikawa "yeye" tu.

Bi Ingunn akauliza ilikuwaje niachwe. Nikaeleza ile tisa. Hafidha akatafsiri, mgeni hakuelewa, ikabidi mtoto achore saa kwenye karatasi aonyeshe jinsi sisi tunavyohesabu tangu jua linapochomoza, na jinsi babu mtu alivyosoma kwa sauti mbele ya watu wa dua. Kijana yule akatabasamu, akajifuta uso haraka. Bi Ingunn hakutabasamu. Alisema kwamba mwalimu mmoja wa chuo chao, sasa ni marehemu, alikwenda Oslo kutupokea. Aliwapokea wa Mwanza na wa Tanga. Mimi alinisubiri uwanjani na kibao chenye jina langu mpaka siku ya pili, kwa sababu alifikiri nitakuja na ndege ya baadaye, nami ni mgeni, nisije nikapotea.

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani niliwadanganya watu wa Dunda tu. Kumbe kulikuwa na mtu amesimama kwenye baridi na jina langu mkononi, nami niko Miono nakula korosho zake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Hafidha mbele, mimi nyuma. Alipofika alimweleza bibi yake jikoni, na mimi nikakaa sebuleni kama mshitakiwa. Dija akatoka. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye sanduku lake, akalitoa lile sweta alilolihifadhi kwa karafuu miaka arobaini, alilokuwa akilitoa kila Idi kuwaonyesha wageni. Akachukua mkasi. Tangu siku ile ukija kwetu utaona tambara la kuepulia sufuria lina nusu ya nyota nyeupe.

"Ningeolewa nawe hata ungerudi siku ile ile," aliniambia usiku wa tatu. "Ungerudi na sweta lako na jasho lako, ningecheka wiki moja, kisha ningeolewa nawe." Kauli hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko mkasi.

Barazani nilikwenda mwenyewe kabla habari haijanitangulia. Niliwaambia wote. Maulidi aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule Mturuki mwenye ndevu nyekundu..." Nikasema hayupo. Akasema, "Basi bwana, nilikuwa nampenda sana." Wakacheka, nikawaacha wacheke. Nililisha maskini kumi kafara ya kiapo. Jina halikuondoka. Wananiita Mnorwe mpaka leo, lakini sasa wanapolitaja wanavuta mwisho wake, Mnorweee, na wakinipita wananiuliza Oslo hawajambo.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Hafidha amechaguliwa. Waliandika kwamba mtu aliyesimama akatafsiri jambo lile bila kuficha ukweli wanaweza kumwamini na vipimo vyao vya samaki. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe nilikuwa naiiba, kama mtu anayekula kwenye harusi asiyoalikwa.

Kwenye dua yake nilikaa mlangoni, karibu na viatu. Hakuna aliyeniambia nikae pale. Tiketi aliisoma mwenyewe: "Saa tisa na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne, kwa hiyo tunaondoka hapa Jumatatu baada ya magharibi." Alisoma bila kunitazama, na wote wakanitazama mimi. Aliniamkia vizuri, shikamoo, nikaitikia marahaba, akapanda gari na bibi yake. Hakuniita babu. Lile la "mume wangu" ndiyo usiseme, neno hilo lilikwisha tangu ule ukumbi. Miezi miwili alipiga simu kwa bibi yake kila Ijumaa, na kwangu alituma salamu.

Ikaja siku ya Arafa, mwezi wa sita. Tulikuwa tumefunga. Jioni tukatandika mkeka uani, tende, uji wa pilipili manga, tambi. Maulidi na mkewe walikuwapo. Adhana ikalia, tukawa ndiyo tunanyoosha mikono, simu ya Dija ikaita. Hafidha, kwa picha. Nyuma yake kuna dirisha, na kwenye dirisha mlima wenye theluji, na juu ya mlima jua kali la mchana.

Akasalimia wote. Akasema naye amefunga. Kisha akasema, "Bibi, mpe babu simu."

Dija akanipa. Niliishika vibaya, ikawa inaonyesha kidevu.

"Babu," akasema. "Huku jua halizami. Leo halizami, kesho halizami, mpaka mwezi wa saba. Nimefunga. Nifuturu saa ngapi?"

Maulidi akaacha kutafuna. Jibu walikuwa wanalijua wote, niliwaambia mimi mwenyewe, kwa kiapo mara tatu. Tende iko mkononi mwangu.

"Sijui," nikasema. "Sijui, mjukuu wangu. Mimi sijafika huko. Muulize anayejua."

Akausogeza uso karibu na simu.

"Nilishauliza msikitini hapa tangu juzi," akasema. "Nilitaka tu kusikia utasema nini."

Machozi yalinitoka mbele ya Maulidi, na sikuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na simu na wa pili ulikuwa na tende.

"Haya, futuru, mume wangu," akasema. "Kwenu jua limeshazama."